Sampuli Tupu Isiyokuwa Tupu

Katika mwezi wa nne wa utafiti wangu wa uzamivu niliketi mbele ya kompyuta ya maabara nikitazama safu ya namba ambazo hazikuweza kuwa za kweli. Nilikuwa nimepima zinki katika maini ya samaki 24, na pamoja na maini hayo nilikuwa nimepitisha kwenye mashine mirija mitatu isiyokuwa na ini wala kitu kingine chochote, isipokuwa asidi ya nitriki na maji yaliyosafishwa. Mirija ya namna hiyo ndiyo tunayoiita sampuli tupu. Kazi yake ni kutoa ushahidi juu ya vyombo, kemikali na mikono ya mpimaji: kila kitu kikiwa safi, mashine isione chochote ndani yake. Mashine iliona zinki, na katika mrija mmoja iliona kiasi kilichokaribia kile cha maini madogo zaidi.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kuficha aibu kwa hesabu. Nilitaka nichukue wastani wa mirija ile mitatu, niutoe katika kila ini, kisha niendelee na safari yangu. Kutoa kiasi cha sampuli tupu kunaruhusiwa, lakini kwa sharti ambalo sikulizingatia, nalo ni kwamba uchafu uwe uleule kila mara. Mirija yangu ilitofautiana mno, na uchafu unaorukaruka hauondoki kwa hesabu ya kutoa. Tena kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi cha chini kabisa ambacho mpimaji ana haki ya kudai kwamba amekiona, kwa kawaida hukokotolewa kwa kuzidisha mara tatu mkengeuko sanifu wa sampuli tupu. Kadiri sampuli hizo zinavyoyumba, ndivyo kikomo kinavyopanda. Changu kilipanda hadi kikameza karibu nusu ya samaki wangu.

Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa amefanya kazi mle ndani kabla ya wengi wetu kuzaliwa, alizisoma namba zangu akiwa amesimama nyuma yangu, kisha akaniuliza swali moja tu.

“Mwanangu, glavu unazovaa zina unga?”

Zilikuwa nao. Ni ule unga mweupe unaorahisisha kuzivaa na kuzivua, na wapimaji wa metali wanaujua kwa ubaya wake, kwa sababu mara nyingi hubeba zinki. Hata mpira wenyewe hukomazwa kwa msaada wa oksidi ya zinki. Kila nilipovua glavu karibu na mirija iliyo wazi nilikuwa nikiinyunyizia ile metali niliyokuja kuitafuta, na nilikuwa nimezivaa ili nisichafue sampuli.

Baada ya siku ile nilisoma upya, kwa jicho jingine, habari za Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani ambaye mwaka 1956 alichapisha umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, kwa kupima metali ya risasi iliyomo ndani ya vimondo. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kupigana na risasi iliyotoka kwenye hewa, vumbi, vyombo na nguo za watafiti wenyewe, hadi akalazimika kujenga chumba safi ambacho kilikuja kuigwa na maabara nyingi. Kisha akajiuliza risasi hiyo yote inatoka wapi, na mwaka 1965 akachapisha hoja kwamba miili ya watu wa nchi za viwanda ilikuwa imebeba risasi nyingi kupita kiasi cha asili, huku petroli yenye risasi ikiwa miongoni mwa vyanzo vikubwa. Petroli hiyo ya magari ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021. Patterson aliifuata kero ya maabara ikamfikisha kwenye ugunduzi. Mimi niliifuata ya kwangu ikanifikisha kwenye kisanduku cha glavu.

Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniacha nieleze yote, nikafika hadi kwenye mpango wa kurudia vipimo kwa glavu zisizo na unga na mirija iliyolowekwa kwenye asidi usiku kucha, ndipo akasema: “Sawa. Sasa tuseme namba zingekuwa safi tangu mwanzo. Ulitarajia zikuambie nini?”

Nilijibu kwamba zingeniambia ni ghuba ipi ya ziwa imechafuka zaidi. Akanirudisha kwenye fiziolojia ya samaki, somo ambalo nilikuwa nimelifaulu bila kulielewa. Zinki ni metali ambayo mwili wa samaki unaihitaji, kwa hiyo mwili huisimamia: ikizidi, hupunguza kuifyonza na huongeza kuitoa, ikipungua, hufanya kinyume chake. Maji ya ghuba mbili yanaweza kutofautiana sana kwa zinki, na ini la samaki anayeishi humo lisibadilike kwa kiasi cha maana. Shaba nayo husimamiwa kwa namna inayofanana na hiyo. Nilikuwa nimetumia miezi minne kuuliza swali ambalo mnyama mwenyewe alikuwa amejengwa ili asilijibu.

Zebaki ni habari nyingine. Ziwa nililolichunguza lilikuwa na ghuba ambayo kando yake kulikuwa na kiwanda kilichofungwa, kilichowahi kutengeneza klorini kwa ile mbinu ya zamani inayotumia zebaki. Metali hiyo ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria, hasa wale wanaoishi kwa kutumia salfeti, huigeuza kuwa methili-zebaki, na hapo ndipo hatari yake inapoanza kupanda ngazi: kutoka kwa viumbe wadogo wanaoelea majini, hadi kwa samaki wadogo, hadi kwa samaki wanaokula samaki. Nilikuja chuoni nikidhani hukaa kwenye mafuta ya mwili kama ile sumu ya wadudu, DDT, lakini sivyo. Hushikamana na salfa iliyomo kwenye protini, kwa hiyo hukaa kwenye mnofu, na samaki huitoa polepole mno. Samaki mla samaki akipimwa mnofu wake, sehemu kubwa sana ya zebaki inayoonekana huwa ni ya aina hiyo. Mwili hauna matumizi nayo na hauna njia nzuri ya kuifukuza. Kwa mtafiti anayetaka kumsikiliza mnyama, huyu alikuwa shahidi bora kuliko ini lenye zinki.

Hata hivyo nilimsikiliza vibaya. Matokeo ya kwanza ya zebaki yalipotoka, samaki mmoja mkubwa wa ghuba ya kiwanda alikuwa na miligramu 1.6 kwa kilo. Kikomo ambacho nchi nyingi zimekitumia kwa muda mrefu kwa aina nyingi za samaki wa kuliwa ni miligramu 0.5 kwa kilo. Jioni hiyohiyo niliandika barua ya kurasa mbili kwa wanaohusika na afya ya jamii, yenye maneno mazito kuliko ushahidi uliokuwepo, nikampelekea msimamizi aipitie kabla sijaituma. Ilirudi ikiwa na maneno matatu tu ya penseli kando ya namba yangu: “Mbichi au mkavu?” Nilikuwa nimeukausha mnofu kwa kuugandisha kabla ya kuupima, na kikomo kile ni cha samaki mbichi. Mnofu wa samaki ni maji kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo 1.6 yangu ilikuwa kama 0.32 kwa lugha ya kikomo. Barua hiyo bado ninayo. Huisoma ninapotaka kujikumbusha jinsi mtu mwenye nia njema anavyoweza kuwatisha watu wanaotegemea ziwa kwa kosa la kipimio tu.

Nikaendelea na kukusanya samaki, safari hii 30 kutoka ghuba ya kiwanda na 30 kutoka ghuba ya mbali, wote wa aina moja ya samaki mla samaki. Tofauti ilijitokeza waziwazi: samaki wa ghuba ya kiwanda walikuwa na zebaki karibu mara mbili ya wenzao. Sampuli tupu zilikuwa safi. Sampuli rejea, ile inayonunuliwa ikiwa tayari imepimwa na maabara nyingi ili mtu ahakiki mashine yake, ilitoa namba iliyotakiwa. Mkono wangu haukuwa na hatia tena, na nilianza kuandika sura.

Aliyeiharibu sura hiyo alikuwa mvuvi aliyekuwa akitupeleka majini kwa mashua yake. Nilikuwa nikimweleza matokeo kwa fahari ya mtu aliyepata, naye alisikiliza hadi mwisho huku akikunja wavu, kisha akasema: “Lakini mwanangu, kule kwenye kiwanda hatutegi. Tangu watu waanze kusema maji yana sumu, hakuna anayetega kule. Samaki wa kule ni wazee.”

Alilisema kama jambo la kawaida, akaendelea na wavu wake. Mimi sikusema neno hadi tukafika ufukweni.

Ikiwa samaki hutoa zebaki polepole kuliko anavyoipokea, basi umri peke yake hupandisha kiwango chake, hata ndani ya maji yaleyale. Kwenye ghuba inayovuliwa, wachache huishi wakazeeka. Kwenye ghuba inayoogopwa, huzeeka wengi. Kwa hiyo uvumi kwamba ghuba ina sumu ungeweza, wenyewe tu, kuwafanya samaki wa ghuba hiyo waonekane wana sumu zaidi. Nilikuwa nimepima urefu wa kila samaki, lakini urefu si umri: mwenye chakula kingi hukua upesi na zebaki yake hutawanyika kwenye mnofu mwingi, ilhali aliyedumaa anaweza kuwa mfupi na mzee kwa pamoja.

Bahati ni kwamba nilikuwa nimehifadhi vichwa. Ndani ya kichwa cha samaki, chini ya ubongo, kuna vijiwe vya sikio vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini, na vijiwe hivyo hukua kwa tabaka maisha yake yote. Kukitoa kimoja ni kazi ya dakika tatu kwa aliyezoea, na ya nusu saa kwa asiyezoea. Unakata fuvu kwa mshazari nyuma ya macho, unalifungua kama kifuniko, unaondoa ubongo, halafu unapapasa kwa koleo ndogo hadi uhisi kitu kigumu kinachoteleza. Hutoka kikiwa kimefunikwa na utando, cheupe, chembamba, chenye ncha, hakizidi punje ya mchele iliyovunjika. Niliviosha, nikavikausha, nikavikata katikati na kuvisugua hadi vikawa vyembamba vya kupitisha mwanga. Chini ya hadubini kunaonekana pete angavu na pete yenye giza zikifuatana kutoka kwenye kiini hadi ukingoni, na katika ziwa lenye msimu wa ukuaji na msimu wa ukata, jozi moja ni mwaka mmoja.

Ningependa kusema kwamba hapa sikukosea. Nilisoma vijiwe vyote 60 huku bahasha ya kila kimoja ikiwa na jina la ghuba yake, na nilipomwomba mwanafunzi mwenzangu arudie bila kujua vimetoka wapi, ilibainika kwamba kwa vijiwe vya ghuba ya kiwanda nilikuwa nimeziona pete chache kuliko yeye. Zile zilizosongamana ukingoni nilizihesabu kama moja. Sikuwa nimekusudia. Nilitaka tu, mahali fulani ndani yangu, samaki wale wawe vijana, ili sura yangu isife. Tukafuta majina yote, tukaweka namba za kubahatisha, na kila mmoja wetu akasoma mara mbili kwa nafasi ya wiki kadhaa.

Umri ulipoingia kwenye hesabu, sehemu kubwa ya tofauti kati ya ghuba mbili iliyeyuka. Haikwisha yote. Miongoni mwa samaki wa miaka miwili na mitatu, ambao walikuwa wengi pande zote mbili, wale wa ghuba ya kiwanda bado walikuwa na zebaki zaidi, kwa kiasi cha wastani kisichovutia magazeti. Nadhani namba hiyo ndogo ndiyo kazi ya maana zaidi niliyowahi kuifanya, ingawa ilinichukua muda mrefu kuipenda. Nilipima pia naitrojeni nzito, ile ya 15, ambayo huongezeka kwa takriban sehemu 3.4 kwa elfu kila hatua ya mlo, ili nijue kama wale wa ghuba ya kiwanda walikuwa wakila juu zaidi kwenye ngazi ya chakula. Hawakuwa. Ila ilinibidi kwanza nipime konokono wa kila ghuba ili nipate msingi wa kulinganishia, kwa kuwa maji machafu ya majumbani yanaweza kuipandisha naitrojeni hiyo tangu chini kabisa.

Wakati vijiwe vikikauka nilikuwa pia nikiendesha majaribio ya dafnia, vile vikamba vidogo vya maji baridi ambavyo hutumika sana kupima sumu. Mwongozo wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, kwa jaribio la muda mfupi unataka watoto wa chini ya saa 24 tangu kuzaliwa, wawekwe kwenye maji yanayopimwa kwa saa 48, kisha wahesabiwe walioacha kuogelea. Na katika kundi la ulinganisho, lililo kwenye maji safi, wasizidi asilimia 10. Kwangu, katika maji safi, waliacha kuogelea zaidi ya nusu.

Dafnia ana mwili unaopitisha mwanga, na mtu akimweka chini ya hadubini huona moyo ukidunda mgongoni, utumbo wa kijani wenye mwani alioula, na mayai yaliyopangwa kwenye mfuko wa uzazi. Akiwa hana shida huzaa majike watupu bila dume. Hali ikiharibika huanza kuzaa madume, na majike huunda ganda jeusi lenye umbo la tandiko ambalo huhifadhi mayai ya kustahimili hadi siku njema zirudi. Nilipochungulia chupa zangu za kuzalishia, niliona matandiko meusi kila mahali, mengine yakielea juu ya maji kama mbegu. Walikuwa wamekwisha kunipa taarifa, pengine wiki nzima kabla, na mimi nilikuwa nikiwalisha tu bila kuwatazama.

Bomba la chumba kile lilikuwa limebadilishwa likawekwa jipya la shaba, nami nilitumia maji yake baada ya kuyaacha siku mbili klorini itoke. Klorini hutoka, shaba haitoki, na dafnia huumizwa na mikrogramu makumi tu za shaba kwa lita. Niliyapima maji hayo kwa mashine ileile iliyonifedhehesha kwa zinki, nikiwa na sampuli tupu kumi badala ya tatu, zote zikiwa safi, na shaba ilikuwemo. Nikaanza upya kwa maji niliyoyatengeneza mwenyewe kwa chumvi na maji yaliyosafishwa. Tangu hapo, asubuhi nilianza na chupa za dafnia kabla ya barua pepe.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje alipitia vijiwe, zebaki na dafnia bila kunisumbua sana. Kisha akafungua ukurasa wa jina la kazi, akaniuliza nilikuwa na sampuli ngapi.

“Samaki 60,” nikasema.

“Na ghuba ngapi zenye kiwanda?”

“Moja.”

Alinyamaza, nami nikaelewa anakoelekea, kwa kuwa makala ya Stuart Hurlbert ya mwaka 1984 juu ya urudufu wa uongo huwa katika orodha ya kusoma ya kila mwanafunzi wa ikolojia, na kila mwanafunzi huisoma akiamini inawahusu wengine. Samaki 30 wa ghuba moja huniambia mengi juu ya ghuba hiyo. Hawaniambii kwamba kiwanda ndicho chanzo, kwa sababu ghuba mbili zozote duniani hutofautiana kwa kina, tope, mimea na mambo mengine mia, na kuongeza samaki hakuongezi ghuba. Akaniuliza kama nilikuwa na habari za kabla ya kiwanda. Alinitajia Derek Ratcliffe, ambaye mwaka 1967 aliweza kuonyesha kwamba maganda ya mayai ya ndege wawindaji wa Uingereza yalikuwa yamekuwa membamba ghafla tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa sababu wakusanyaji wa mayai walikuwa wamehifadhi ya miaka mingi kabla ya DDT. Mimi sikuwa na samaki wa kale. Nilichokuwa nacho ni nguzo moja ya mashapo kutoka sakafu ya ghuba ile, iliyopewa miaka kwa risasi ya 210, aina ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Ndani yake zebaki ilikuwa chini kwenye tabaka za chini, ikapanda kwenye tabaka za miaka ya kiwanda, kisha ikaanza kushuka. Nilikuwa nimeiweka kwenye kiambatisho.

Aliniagiza niitoe kwenye kiambatisho niiweke sura ya pili, kabla ya samaki. Marekebisho yalinichukua majuma sita. Jina la kazi lilipokuja kuchapwa upya, neno “athari” lilikuwa limeondoka, na mahali pake palikuwa na “viwango vya zebaki kulingana na umri”.